Aliyefuta Pambizo

Ukitaka kumuudhi Gundi, mwambie kazi yake ni kubandika vitabu. Atakutazama juu ya miwani, atakuuliza kama daktari wa meno naye kazi yake ni kubandika meno, kisha hatakusemesha mpaka chai ya saa nne. Miaka thelathini na miwili amekaa katika chumba kimoja, chumba cha ukarabati cha maktaba kuu, ghorofa ya chini, meza mbili ndefu na dirisha moja kubwa, akitengeneza vitabu vilivyochoka: vilivyoliwa na mende, vilivyonyeshewa, vilivyokatika mgongo, hata kimoja kilichokuwa kinatumika kuzuia mlango usijifunge. Jina la Gundi alilipata wiki yake ya kwanza, alipoacha gundi mbichi kwenye kitasa na mkurugenzi mzima akakishika. Mumewe, fundi friji, naye humwita hivyohivyo, na binti yao alipoanza shule aliulizwa jina la mama akajibu bila kupepesa macho, "Gundi."

Sasa, huyu Gundi ni mtu wa shukrani mpaka anachosha. Maji yakitoka bombani anashukuru. Yasipotoka anashukuru kwamba jana yalitoka. Ukimpa kalamu atakuandikia barua ya asante kwa kalamu hiyohiyo. Mumewe humwambia, "Wewe hata mwizi ukikutana naye utamshukuru kwa kuacha mlango wazi, hewa iingie." Lakini alikuwepo mtu mmoja ambaye Gundi hakuwahi kumwambia asante hata siku moja, na mtu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Ndiyo maana nayasimulia haya.

Mwalimu huyo walimwita Bi Sindano, kwa siri, maana usoni kila mtu alimwita mwalimu na kushusha macho. Jina lilimfaa mara mbili. Kwanza, alishona vitabu kwa mkono kwa namna ambayo ukikifungua kitabu huoni palipopita uzi. Pili, ulimi wake. Gundi akipika gundi ya wanga kwenye jiko dogo la chumbani, Bi Sindano atachungulia sufuria aseme, "Hii umepika nini? Kama ni uji, mtoto hali. Kama ni gundi, kitabu hakishiki. Mwaga." Gundi alimwaga sufuria kumi na moja kabla ya kuambiwa "haya, itafaa." Alizihesabu.

Katika mwaka wake wa kwanza kazini kikaja kitabu cha ndege. Ulikuwa mswada, ulioandikwa kwa mkono karibu miaka mia mbili nyuma, kurasa sitini na nne, na kila ukurasa una ndege wake aliyechorwa kwa rangi, amesimama, anakula, anajikuna, mwingine amegeuza shingo anakutazama kana kwamba umemdai kitu. Maneno yalikuwa katikati, picha juu, na pande zote pambizo pana za karatasi tupu. Ukurasa wa mwisho mnakili, yaani aliyeyaandika maneno, ameweka jina lake. Tangu zamani wajuzi wamemsifu mnakili huyo kwamba mwandiko wake mzuri, na picha zake nzuri zaidi.

Bi Sindano alikaa na kitabu hicho jioni tatu peke yake. Siku ya nne mama yake akaugua, ikabidi ampeleke hospitali. Akaomba ruhusa ya siku tatu, akamwambia Gundi akiwa anavaa kanda mbili zake mlangoni, haraka haraka: "Kitabu cha ndege kisafishe pambizo. Raba laini, kutoka ndani kwenda nje. Picha usiziguse."

Gundi akasafisha. Na alisafisha, jamani! Pambizoni palikuwa na vumbi la miaka, alama za vidole, na mikwaruzo ya penseli iliyofifia, imelala upande upande, mingine imepinda kufuata ukingo. Sasa fundi wa maktaba adui yake mkubwa si mende. Ni msomaji mwenye penseli: anayepiga mistari, anayeandika "kweli kabisa!" pembeni, anayechora masharubu kwenye picha ya mfalme. Gundi alikuwa amefundishwa kuwafuta watu hao wote bila huruma. Hakutazama hata mara mbili. Siku tatu alifuta kwa mizunguko midogo midogo, akipuliza vumbi la raba, na siku ya tatu jioni kurasa sitini na nne ziling'aa kama sahani zilizotoka kuoshwa. Aliona fahari. Alimsubiri mwalimu wake asubuhi akiwa amekaa wima, na moyoni ameshasikia "haya, itafaa" ya pili.

Bi Sindano alikifungua. Akafunua ukurasa, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, na hakusema neno. Bi Sindano, mwanamke ambaye hata gundi aliisema, kimya. Alipofika mwisho alikifunga kitabu, akachukua raba ya Gundi mezani akaitia mfukoni mwake, akasema, "Kesho utaanza na magazeti."

Magazeti! Huo ulikuwa mlima wa magazeti ya zamani, yaliyokauka, ukiyashika yanavunjika. Gundi aliyatengeneza miezi kumi na mitatu, ukurasa kwa ukurasa, na mswada haukumpita tena mkononi kwa muda wote huo. Hakuelewa kosa lake. Alijiambia mwalimu ana wivu, amekuta kazi imefanywa vizuri kuliko angefanya mwenyewe. Kinyongo kikaota mizizi. Na mwaka huohuo, nafasi ya kuwa mkuu wa idara nzima ya uhifadhi, ambayo kila mtu alijua ni ya Bi Sindano, akapewa mtu mwingine. Watu walisema ulimi umemponza. Gundi, Mungu amsamehe, alifurahi. Siku hiyo alikwenda nyumbani akiimba.

Bi Sindano akaendelea palepale mezani miaka kumi na miwili zaidi, akastaafu. Kwenye kuagana kwao Gundi alimpa mkono, akamwambia "kila la heri," na alirudi kwenye gundi yake kabla haijapoa. Miaka kumi na tisa ikapita bila kwenda kumjulia hali, naye akijua fika anakoishi.

Haya. Mwezi mmoja kabla ya Gundi mwenyewe kustaafu, akaja Mtafiti. Binti mmoja mrefu mwenye begi zito na viatu vya raba, anasoma historia ya sanaa. Gundi alimpenda papo hapo kwa sababu alinawa mikono kabla ya kuambiwa.

"Kwani historia ya sanaa ndiyo nini hasa?" Gundi alimuuliza, akimtayarishia mto wa kulazia kitabu.

"Kujua nani alichora nini, mama, na kwa nini, na nani alikuwa pembeni yake."

"Si wanaweka majina yao?"

"Wanaoweka ni wachache. Wengine tunawasaka kwenye vitabu kama hivi. Mswada mmoja unaweza kukwambia habari ambazo ukuta mzima wa picha haukwambii." Akatoa kwenye begi nakala ya barua. Ilikuwa barua ya mkutubi mmoja wa zamani, ya miaka sabini iliyopita, na mstari mmoja Mtafiti alikuwa ameupigia wino wa manjano. Akausoma kwa sauti. Mkutubi alisema amekiona kitabu cha ndege, na kwamba pambizoni mna maneno ya penseli, mnakili anasemezana na dada yake juu ya rangi za ndege.

"Umeelewa, mama? Kama ni kweli, basi aliyechora si mnakili. Ni dada yake! Miaka yote hii tunamsifu mtu kwa kazi ya dada yake. Nimesafiri siku mbili kuja kuyaona maneno hayo."

Gundi akaikumbuka ile mikwaruzo ya penseli. Alikifungua kitabu kwa mikono miwili, akakilaza, na wakatazama wote wawili pambizo za kurasa sitini na nne. Hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe.

Mtafiti alifunua mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akafunua tena. Kisha akaomba faili la ukarabati, maana kila kitabu kina faili lake linaloeleza kilichofanywa, lini na nani. Karatasi ilikuwa moja tu. Mwandiko wa Bi Sindano, ule wa kusimama kama askari: "Maandishi ya penseli ya pambizoni yamefutwa wakati wa kusafisha. Hayakunakiliwa kabla. Kosa ni langu." Jina lake kamili, sahihi, tarehe.

"Lo!" Mtafiti alipiga meza. "Fundi mkuu wa ukarabati! Mtu mwenye ujuzi wote! Ushahidi pekee wa msanii mwanamke, amechukua raba akaufuta kama deni la dukani!" Macho yalimjaa machozi ya hasira. "Basi jina lake nitaliandika. Makala yangu inakwenda kuchapwa Ijumaa ijayo. Nitaandika maneno hayo yalikuwepo, na nitaandika nani aliyeyaangamiza, jina lake lote. Watu wamjue."

Gundi alisimama. Akasema anakwenda kuangalia gundi jikoni, na siku hiyo hakuwa amepika gundi.

Nyumbani mumewe alikuwa amefungua friji ya jirani katikati ya sebule, vyuma vimetapakaa juu ya gazeti. Gundi akakaa kwenye kiti cha mkono akiwa na mkoba bado begani, akamweleza yote tangu mwanzo. Yale ya kuimba siku mwalimu aliponyimwa cheo hakuyaficha.

Mume aliweka bisibisi chini. "Kwa hiyo ulifuta wewe, akaandika amefuta yeye."

"Ndiyo."

"Na kwa karatasi hiyo akapoteza ukubwa."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamnunia miaka thelathini." Akatikisa kichwa. "Wahenga walisema shukrani ya punda ni..." Akaona sura ya mkewe, akajikatiza. "Sisemi wewe ni punda."

"Sema tu. Mateke nimepiga."

Kilichomsumbua Gundi kilikuwa wazi na alikisema: mkurugenzi wa sasa alikuwa ameshamwahidi mkataba, akistaafu abaki miaka miwili kuwafundisha mafundi wapya watatu. Fundi aliyefuta mswada nani atampa wanafunzi? Akinyamaza, mkataba ni wake, na jina la Bi Sindano litachapwa kwenye makala kama jina la mharibifu, lisomwe na kila msomi, angali hai mwenyewe, ana miaka sabini na tisa.

"Mimi nikiharibu friji ya mtu nikanyamaza," mumewe alisema, "huwa naisikia inaunguruma kichwani hata nikiwa msalani. Nenda kaseme. Mkataba ukiukosa, hapa nyumbani kazi ipo. Utanishikia bisibisi, na nitakupikia chai."

"Chai yako sinywi."

"Basi nenda kaseme ili uikwepe."

Asubuhi Gundi alimkuta Mtafiti ameshafika, amekaa mbele ya kitabu kilichofungwa kama mtu aliyefiwa. Hakuzunguka mbuyu. "Mwanangu, aliyefuta ni mimi. Nilikuwa mwanafunzi. Nilidhani ni uchafu. Yule mama alikuwa hospitali na mama yake, na kwa alichoandika mle kwenye faili alinibebea kosa langu. Ukiandika jina, andika langu."

Mtafiti alimgeukia. "Kwa nini unaniambia? Ningejuaje?"

"Usingejua. Ndiyo maana nakwambia." Kisha Gundi akavuta mapazia yote akayafunga, akazima taa ya juu. "Sasa nikuonyeshe jambo ambalo lingetakiwa lifanyike zamani. Penseli ina mambo mawili. Kuna weusi, na huo niliumaliza. Lakini aliyeandika alikandamiza, na karatasi ikikandamizwa haisahau upesi. Lete simu yako."

Aliwasha tochi ya simu, akailaza sawasawa na karatasi, mwanga upite juu ya ukurasa kwa ubavu tu. Na pambizo nyeupe ikaota mifereji. Vivuli vyembamba kama nywele vikajipanga, vikawa herufi, herufi zikawa maneno. Mtafiti aliweka mkono mdomoni.

"Dada, mkia umezidi wekundu," ndivyo ilivyosema.

Na chini yake, mwandiko mwingine, mwepesi, nusu yake umetoweka: "Ndivyo alivyo. Nimemwona."

Walishikana mikono kama watoto waliopata goli. Siku nne walikaa na tochi, kioo cha kukuzia na kamera, ukurasa baada ya ukurasa, migongo ikiwauma. Mnakili alikuwa na mkono mzito, Mungu amrehemu kwa uzito huo, kwa hiyo maneno yake mengi yalipatikana. "Dada, huyu kafumba macho au umechoka?" "Dada, shingo ndefu mno." "Dada, rangi ya samawati inaisha, mchore kwa umasikini." Lakini dada mwenyewe mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mchoraji yeyote, na raba ya Gundi ilikuwa imefanya kazi yake. Kati ya maswali arobaini na moja ya kaka, majibu ya dada yaliyosomeka yalikuwa matatu tu. Matatu! Yalitosha kumthibitisha mchoraji. Hayakutosha kumsikia.

Gundi alikwenda kwa mkurugenzi na barua mkononi. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akajikuna kichwa, akasema lazima alifikirie suala la mkataba. Gundi akasema asante, na alimaanisha. Kisha akachukua faili, na chini ya mwandiko wa Bi Sindano akaandika mstari wake: "Aliyefuta kwa mkono wake ni mimi," jina lake kamili, ambalo hata wenzake wengi hawakulijua, sahihi, tarehe. Jumatano mchana yeye na Mtafiti wakapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu ya nyumba moja ya kupanga, wakabisha hodi.

Alifungua mpwa wake Bi Sindano, mwanamke wa makamo mwenye unga wa ngano mpaka kwenye viwiko. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekuwa mdogo, ameweka mikono mapajani. Macho yalikuwa yamemhama. Aliona mwanga na vivuli, si zaidi.

"Nani?"

"Shikamoo, mwalimu. Mimi Gundi."

"Marahaba. Umechelewa." Akageuza uso kidogo. "Miaka kumi na tisa. Hata gundi yako haikuwahi kuchelewa kukauka namna hiyo."

Gundi alikuwa amejiandalia hotuba njia nzima. Yote ikamtoka kichwani. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya kile kiti, akaushika mkono wa mwalimu wake, akasema alichokuja kusema: kwamba amelisoma faili, kwamba alimnunia, kwamba alifurahi aliponyimwa cheo na hata aliimba, kwamba anaomba radhi.

"Uliimba?"

"Niliimba, mwalimu."

"Wimbo gani?"

"Sikumbuki."

"Haya, inuka, saruji hiyo baridi, utaniletea kesi ya magoti." Bi Sindano alingoja mpaka aliposikia kiti kinaburuzwa. "Sasa nisikilize. Mimi sikukubebea mzigo, kwa hiyo usinifanye malaika. Niliandika kosa langu kwa sababu lilikuwa langu. Nani alikwambia usafishe pambizo? Mimi. Kwa mdomo huu. Nilikuwa nimekisoma kitabu jioni tatu, nimecheka peke yangu kama mwehu, nikitaka nikirudi tukae mimi nisome wewe uandike. Nikaondoka na haraka zangu, bila kukwambia hata neno moja. Mwalimu anayeacha raba mkononi mwa mwanafunzi bila kumwambia asifute nini, amefuta mwenyewe."

"Lakini ungeniambia baadaye."

"Ungeacha kazi. Ulikuwa na mikono mizuri na moyo wa kioo. Nikakupeleka kwenye magazeti. Unakumbuka yalivyokuwa? Kila ukurasa kuna mtu kaandika pembeni. Bei ya vitunguu, jina la mchumba, hesabu za mtoto. Nilitaka ujifunze kutofautisha uchafu na sauti ya mtu. Ulipoanza kuniletea, 'mwalimu, hapa kuna maneno, nifute?' nilijua umepona."

Gundi akakumbuka. Kweli, alianza kuuliza. Alidhani anauliza kwa kuogopa. Miezi kumi na mitatu aliyoiita kifungo, kumbe ndiyo iliyomfanya fundi, na vitabu vyote alivyoviokoa baadaye vilitoka mle. Machozi yakaanza kumtoka na hakuyazuia.

Mtafiti alijikohoza. "Bibi, samahani. Umesema uliyasoma?"

"Yote."

"Unayakumbuka?"

"Binti, nilimpelekea mkurugenzi wa wakati ule karatasi ya niliyoyakumbuka. Akaniambia ya kukumbuka si ushahidi, akaitia kwenye pipa mbele yangu. Nikasema sawa, basi nitayaweka mahali ambapo hutatupa. Huwa nayasema nikiosha vyombo. Huyu mpwa wangu anadhani nimerukwa na akili."

"Sijasema hivyo," mpwa akaitika kutoka jikoni. "Nilisema unaongea na ndege."

Mtafiti alifungua daftari lake, akamtazama Gundi, kisha akasoma polepole: "Ukurasa wa tisa, bibi. Kaka anasema, 'Dada, shingo ndefu mno.'"

"'Shingo ni yake, si yangu,'" Bi Sindano akajibu, hata hakufikiri.

Jibu hilo lilikuwa mojawapo ya yale matatu yaliyosomeka kwa tochi. Hakuna mtu aliyelichapa popote, na macho ya Bi Sindano hayangeweza kusoma daftari. Mtafiti akasoma la pili, bibi akajibu sawasawa. La tatu, sawasawa. Basi yale mengine thelathini na nane nayo ni ya kuaminika, na ushahidi wa kuyaamini ni ule uliochimbwa kutoka kwenye karatasi.

"Bibi," Mtafiti alisema, "mimi nilitaka kuliandika jina lako kama la aliyeyaangamiza."

"Na sasa?"

"Sasa nitaliandika kama la aliyeyatunza."

"Andika vyote viwili. Vyote ni kweli. Na la Gundi liweke karibu, tumezoea kukaa meza moja." Akanyoosha kidole hewani. "Gundi, chukua penseli wewe. Huyu binti simjui mwandiko wake."

"Mwalimu, kwanza nikwambie asante. Sijawahi..."

"Utashukuru ukimaliza. Ukurasa wa kwanza."

Wakafanya kazi mpaka chai ya mpwa ikapoa mara mbili. Kaka anauliza, Gundi anasoma. Dada anajibu kwa mdomo wa Bi Sindano. Kuhusu yule aliyefumba macho: "Kachoka yeye. Alikuwa kwenye mayai." Kuhusu samawati inayoisha: "Basi uza kiatu." Walicheka mpaka mpwa akatoka jikoni kusikiliza, akakaa sakafuni na ungo wake. Mtu aliyekufa karibu miaka mia mbili iliyopita alikuwa anawachekesha wanawake wanne ghorofa ya tatu. Gundi alikuwa anaandika kila neno na kulisoma upya kwa sauti, kama alivyofundishwa.

Wakafika ukurasa wa sitini na nne. "Hapa, mwalimu, kaka ameandika kwa kukandamiza sana," Gundi alisema. "'Dada, tumemaliza. Niandike jina la nani?' Chini yake hatukupata kitu. Nilisugua sana hapo, palikuwa na alama ya kidole."

Bi Sindano aligeuzia uso dirishani. Gundi akadhani amesahau, akaogopa.

"'Lako,'" bibi akasema. "'Mimi ndege wananijua.'"

Penseli ya Gundi haikwenda. Macho yalimjaa mpaka mistari ya daftari ikaungana.

"Gundi," akasema Bi Sindano, ambaye haoni lakini anajua kila kinachotokea mezani, "usilie juu ya karatasi."

Gundi akalisogeza daftari mbali, akalia kwanza. Kisha akafuta mikono, akaliandika jibu.